Matumizi: Mara Nyingi

Saa mbili asubuhi, Jumanne ya pili ya Januari, Blásida aliponda barafu ndani ya taulo, akaimimina kwenye chupa kubwa ya maji, akatia mnanaa na kipande cha mchaichai, kisha akaifunga chupa kwenye kikapu cha pikipiki. Binamu yake, Nimia Recalde, alikuwa akizunguka nyumba nzima akitafuta bisibisi. Nimia ndiye fundi wa kompyuta za majumbani pale Villarrica, na kwa joto la Paraguay fundi asiye na maji ya barafu hafiki saa nne.

“Bisibisi iko mfuko wa kushoto, nimekutilia tangu jana,” alisema Blásida. “Halafu Nimia, Jumamosi hii nataka nikawaone watu wetu Iturbe.”

“Tutaona, dada,” alisema Nimia, akapiga pikipiki teke, akaondoka.

Blásida alikuja kusaidia mwezi mmoja mapacha wa Nimia walipozaliwa. Sasa mapacha wako darasa la sita. Safari ya Iturbe ilishapangwa mara kadhaa, ila kila ikipangwa huzuka jambo. Mara ya mwisho alifika hadi kituo cha mabasi, akarudi kabla wali haujaiva, akasema basi lilikuwa limejaa.

Kazi ya asubuhi ile ilikuwa kwa Doña Perla Insfrán, nyuma ya stesheni ya zamani ya treni. Nyumba ilikuwa na baraza ndefu ya vigae vyekundu, na kompyuta iliwekwa mwisho wa baraza kwa sababu huko ndiko kunakopita upepo, ukipita. Doña Perla alikuwa ameshakaa mbele yake na kipepeo cha mkono.

“Nimia mwanangu, hii mashine imeingiwa na kitu. Fabio yuko Buenos Aires, nataka nimwone uso kwenye skrini, inaniambia hakuna nafasi. Naenda kwenye orodha ya programu nipunguze, orodha nayo inanifanyia kiburi.”

“Kiburi gani, Doña?”

“Ifungue uone.”

Nimia akaifungua. Orodha ilichukua dakika nne kujitokeza, mstari mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta visingizio. Mwanzoni mambo yalikuwa ya kawaida: programu ya kuandikia barua, programu ya picha, mchezo wa karata. Chini ya mchezo wa karata ilifuata Feni ya Chumba cha Wageni. Baada ya feni, Saa ya Ukutani (mbovu). Baada ya saa, Kasuku.

“Hiyo feni bado imeandikwa?” aliuliza Doña Perla. “Jana nilibonyeza ‘ondoa’, nikaenda chumba cha wageni kuangalia. Haipo. Hata tundu la skrubu darini halipo.”

“Ulikuwa unaitumia?”

“Ilikuwa na kelele.”

“Basi si hasara,” alisema Nimia, akaandika kwenye kidaftari chake.

Kazini alishaona makubwa zaidi. Kwa mfamasia wa mtaa wa juu kuna mashine ya kuchapa inayotoa barua wiki moja kabla hazijaandikwa, na mfamasia hana malalamiko isipokuwa wino. Kwa hiyo Nimia aliteremka orodha mstari baada ya mstari, bila haraka. Kulikuwa na mistari sitini na mitatu. Kila mmoja ulikuwa na tarehe ya kusakinishwa, ukubwa, na mwishoni maelezo ya matumizi: nadra, mara chache, mara nyingi.

Mstari wa arobaini uliandikwa: Anastasio (mume). Matumizi: nadra.

“Huyu aliondolewaje?” aliuliza Nimia.

“Alitoka kununua barafu mwaka tisini na tisa.”

“Hiyo ndiyo shida. Watu wanalifuta folda tu, wanadhani kazi imekwisha. Kitu kinaondoka lakini jina linabaki, na vipande viwili vitatu vinabaki vinajiendesha vyenyewe.”

“Ndiyo maana kila saa kumi jioni kikohozi chake kinapita hapa barazani.”

“Nikiondoe?”

Doña Perla alifikiri kidogo. “Kiache. Kinaniletea usingizi.”

Chini ya mume alikuwepo Fabio, mtoto, matumizi nadra. Hapo Doña Perla alivuta midomo, akasema mashine imekosea, Fabio alipiga simu Pasaka. Na chini ya Fabio ulikuwepo mstari ambao Nimia aliusoma mara mbili, si kwa mshangao, kwa kuwa alizoea kusoma mara mbili kitu chochote chenye tarehe ya zamani. Deolinda. Mtoaji: hajulikani. Ilisakinishwa: 20 Februari 1978. Matumizi: mara nyingi. Ilitumika mara ya mwisho: leo.

Deolinda mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao na jagi la maji ya barafu mkono mmoja, mkono wa pili pembe la tereré, ile chai ya majani inayonyweka baridi kwa mrija. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwembamba, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji.

“Habari za asubuhi, Bi Deolinda,” alisema Nimia.

Deolinda akageuka kuangalia ni nani ameingia.

“Na huyu je, Doña?” aliuliza Nimia, akielekeza kidole kwenye skrini.

“Huyo usimguse,” alisema Doña Perla. “Huyo anafanya kazi vizuri. Tena Deolinda si mtu baki. Huyu ni kama mmoja wa familia.”

Villarrica nzima, mwenye Deolinda wake nyumbani husema maneno hayo, na wote huyasema kwa sauti ileile, kama wimbo waliofundishwa shule moja. Deolinda aliletwa kutoka Tavaí akiwa na miaka saba. Mama yake alimtoa kwa makubaliano kwamba atasaidia kazi ndogondogo na atasomeshwa. Alisaidia kazi, na alisoma mpaka darasa la tatu, mwaka aliozaliwa Fabio, nepi zikawa nyingi.

Nimia alibonyeza jina lile kidogo tu, kuona maelezo. Dirisha dogo likafunguka: Haiwezi kuondolewa. Bado iko wazi.

Akaomba barafu, akaenda jikoni. Deolinda alikuwa akimenya muhogo, na redio ndogo juu ya friji ilikuwa ikisoma salamu za watu wa vijijini, kama isomavyo kila siku saa nne.

“Ngoja, ngoja,” alisema Deolinda, akainua kisu.

“Deolinda aliyeko Villarrica,” ilisema redio, “mama yako anasema macho yamezidi kufifia, angependa akuone yakiwa bado yanaona. Muhogo umeshachimbwa. Nyingine, Bwana Cirilo wa Yuty anaarifiwa kwamba ng’ombe amepatikana.”

Deolinda akarudisha kisu kwenye muhogo.

“Si uende?” alisema Nimia.

“Nimekwenda mara kumi na moja. Napanda basi la Caazapá, nakaa dirishani, tunapiga kona, tunafika darajani. Tukifika katikati ya daraja, najikuta hapa kwenye sinki na tiketi mkononi imejaa povu. Makondakta wameshanizoea. Siku hizi hawanipi tena kiti cha dirishani, wanasema kitakwenda kitupu.”

“Doña anasemaje?”

“Anasema roho yangu imepazoea hapa.”

Nimia akakaa kwenye kigoda. Ilimkera. Alikuwa mtu wa hasira fupi, na hasira zake nyingi zilikuwa juu ya vitu vilivyosakinishwa vibaya.

“Sikiliza, dada. Uko kwenye orodha, ndiyo maana unarudishwa. Naweza kukutoa.”

“Kama feni?”

“Hapana! Njia ni mbili. Ya kwanza unaondoa kitu chenyewe, ndiyo alivyofanya Doña kwa feni. Ya pili unafuta jina tu, kitu kinabaki kizima, kinakwenda kinakotaka.”

“Basi chagua vizuri, mwenzangu. Nikifika kwa mama sionekani, na macho yake yale, itakuwa tumefanyiana mzaha.”

Wakacheka. Kisha Nimia akamweleza lililobaki: mashine inasema Deolinda bado yuko wazi, yaani kuna kitu alikianza na hakijafungwa, na kisipofungwa jina litajirudisha hata likifutwa mara mia. Akamuuliza siku ile ya kwanza, alipofika na miaka yake saba, alipewa kazi gani.

“Walinipa jagi,” alisema Deolinda. “Nikammiminia Doña tereré.”

“Akasema asante?”

Deolinda aliweka kisu chini. Hakuna mtoto wa Paraguay asiyejua mambo haya. Mmiminaji ni mmoja, pembe ni moja, mrija ni mmoja. Anamimina, unakunywa mpaka mrija ukoromee, unamrudishia. Ukitosheka unasema asante, na hapo tu ndipo mmiminaji anakuruka. Usiposema, duru bado ni yako, na yeye bado ana deni la kukumiminia.

“Hajawahi,” alisema polepole. “Hunyanyuka tu, akaenda zake.”

“Miaka thelathini na minne?”

“Hunyanyuka tu.”

Nimia alirudi barazani akajaribu kwanza njia ya wazi, maana hakupenda ujanja pale ambapo adabu ingetosha.

“Doña, naomba umwambie Deolinda asante.”

“Kwa lipi?”

“Kwa tereré.”

Doña Perla alicheka mpaka kipepeo kikamdondoka. “Wewe mtoto una vituko! Asante ni ya wageni. Wa nyumbani anaambiwa asante ya nini? Atadhani namfukuza.”

“Sawa,” alisema Nimia, akavuta kiti karibu. “Basi tusafishe orodha. Iko mistari sitini na mitatu. Kila ninapofuta, mashine inamtaka mwenye nyumba abonyeze ‘ndiyo’ kwa mkono wake.”

Hilo lilikuwa kweli. Nimia alipojaribu kukibonyeza mwenyewe, kitufe kilijisogeza pembeni kwa heshima zote, kikasubiri.

“Yaani nikae hapa mpaka mwisho?”

“Ukinyanyuka tunaanza upya.”

Hilo nalo lilikuwa kweli, ingawa hata lisingekuwa kweli Nimia angelisema. Akamtazama Deolinda juu ya bega la Doña Perla. Deolinda akatikisa jagi, barafu ikalia.

Wakaanza. Programu ya barua ya zamani, ndiyo. Pembe. Mchezo wa karata, ndiyo. Pembe. Saa ya Ukutani ilipofutwa, ukuta ulibaki mweupe, na Doña Perla akasema angalau sasa hatadanganywa. Pembe. Kasuku alibakizwa kwa kura. Katika mstari wa kumi na tano Doña Perla alikuwa bado anakunywa kwa raha, akisimulia harusi ya mpwa wake. Katika mstari wa ishirini na mbili alianza kushika pembe kwa muda mrefu kabla ya kunywa. Deolinda alisimama pale pale, mkono umenyooshwa, akisubiri kama alivyosubiri maisha yake yote.

“Umeweka maji mengi leo,” alisema Doña Perla.

“Ni joto, Doña.”

Mstari wa thelathini. Pembe. Doña Perla akafungua kifungo cha sketi. Kurudisha pembe likiwa limejaa ni jambo ambalo mtu aliyelelewa Villarrica hawezi, awe na pesa au asiwe nazo, na Doña Perla alijivunia malezi yake. Mstari wa thelathini na nane. Alikuwa amebana magoti, anabonyeza ‘ndiyo’ bila kusoma, jasho linamtiririka hadi kwenye mkufu. Wakamruka mume. Fabio naye akarukwa. Deolinda akajaza pembe mpaka juu kabisa, akalishika kwa mikono miwili, akampa.

Doña Perla akalitazama pembe. Akamtazama Deolinda, labda kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akavuta mrija mpaka ukakoroma, akarudisha pembe kwa kulisukuma.

“Asante!” alisema. “Asante, basi, inatosha, asante!”

Kwenye skrini lile neno ‘wazi’ likapotea. Nimia alichagua njia ya pili, akaisoma tena herufi kwa herufi, jina tu, kitu kisiguswe, akasema, “Bonyeza na hii, Doña.” Doña Perla akabonyeza akiwa tayari nusu amesimama, kisha akakimbilia chooni akishika ukuta.

Deolinda aliweka jagi mezani bila kuangalia kama kuna aliyebaki na kiu. Akatundika aproni kwenye msumari. Mkoba wake ulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, umefungwa tangu mara ya kumi na moja. Nimia alimpakia kwenye pikipiki, wakateremka hadi kituo cha mabasi, na kondakta wa basi la Caazapá akamtazama Deolinda juu hadi chini.

“Leo umebeba mkoba mkubwa,” alisema.

“Leo nipe kiti cha dirishani.”

Akampa. Nimia alikaa kwenye benchi la kituo, akanunua chipa ya moto, mkate wa jibini, akaimega polepole ili imtoshe. Alikuwa na wasiwasi, hilo hakulificha hata mbele ya wauza chipa, maana kazi nzuri ya fundi hujulikana darajani. Baada ya robo tatu ya saa simu yake ikalia, namba ya kondakta.

“Tumevuka,” ilisema sauti ya Deolinda, na nyuma yake injini. “Nimeangalia mikono. Mikavu.”

Nimia alilia kidogo, akajifuta kwa karatasi ya chipa. Kabla hajairudisha simu mfukoni ikalia tena.

“Nimia, mashine imepona, hongera,” alisema Doña Perla. “Nimemwona Fabio, amenenepa. Deolinda umemtuma wapi? Kuna vyombo.”

“Amekwenda Tavaí kumwona mama yake, Doña.”

Upande wa pili kikasikika kipepeo. “Haya. Mwambie akifika aniulizie. Wasichana Tavaí hawakosekani.”

Nimia aliendesha pikipiki mpaka nyumbani akiwa amekasirika hadi masikio yanamuuma. Alifika saa saba. Mapacha walikuwa wameshakula, nguo zimeanikwa, sahani yake imefunikwa kwa kitambaa. Alikula akisimulia na kijiko hewani, na Blásida alikaa pembeni yake na jagi, akimmiminia tereré na kusikiliza.

“Miaka thelathini na minne, Blásida, hebu fikiria! Halafu anasema kama mmoja wa familia. Watu wengine hawana haya.”

“Hawana,” alisema Blásida.

“Na hata asante moja!”

“Hata moja?” alisema Blásida, akajaza pembe.

Nimia alipokwisha kula alifungua kompyuta yake mwenyewe ili aandike kazi ya siku hiyo. Ilikuwa nzito kuwaka, ikawaka kwa kukokota miguu. Mafundi hawashughulikii mashine zao, hilo linajulikana. Yake alikuwa hajaitazama ndani kwa miaka. Akaona afungue orodha, aone kinachoikokota.

Mistari ilijitokeza mmoja mmoja. Programu ya kutengeneza sidii. Programu ya kuchapa. Katikati yake jina moja, limesakinishwa wiki waliyozaliwa mapacha. Matumizi: mara nyingi. Ilitumika mara ya mwisho: leo.

Aibu ilimpanda Nimia kutoka shingoni mpaka kwenye nywele, aibu ya kweli. Blásida alikuwa amesimama pembeni, mkono umenyooshwa, anasubiri pembe. Huenda alikuwa ameiona skrini, huenda hakuiona. Alikuwa akitazama nguo kwenye kamba. Nimia alivuta mrija mpaka ukakoroma. Njia aliijua, neno alilijua, na lilikuwa neno moja. Akafikiria Jumatano, ambayo alikuwa na wateja watatu. Akafikiria Alhamisi, na daktari wa meno wa mapacha, na shuka za kufua. Jumamosi alikuwa ameahidi kazi ya mfamasia.

Akalifunga dirisha la orodha, akampa Blásida pembe.

“Kesho natoka mapema,” alisema. “Uniwekee barafu nyingi kidogo.”